Nilivyoikataa Nafasi ya Mwanangu kwa Maikrofoni

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibikia Bunda, mbele ya wazazi wasiopungua hamsini, walimu sita na mwanangu wa kumzaa. Hakuna aliyenisukuma. Nilisimama mwenyewe, nikaomba maikrofoni mwenyewe.

Nianze asubuhi ili mnielewe (si ili mnihurumie, ingawa mkinihurumia sitakataa).

Kwa wasionijua, naitwa Mafuru Magesa. Nina steshenari Musoma mjini: fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu. Mwanangu wa kwanza anaitwa Magesa, jina la baba yangu, maana huku kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu yake. Kwa hiyo kijana kamili ni Magesa Mafuru Magesa. Amemaliza darasa la saba mwaka huu na amepata A. Si A ya kutikisa mkoa, lakini ni A.

Tangu matokeo yatoke, nyumbani kwangu kuna kambi mbili. Mke wangu anataka kijana aende shule moja binafsi iliyoko Bunda. Anasema ni karibu, ina maabara, na kijana alishafanya usaili akapita. Mimi nilikuwa nataka vipaji maalumu. Mnazijua zile shule za serikali za bweni, za wenye vichwa vyao. Huombi nafasi wala hupeleki barua. Serikali yenyewe inamtafuta mtoto wako kwa jina.

(Niseme ukweli wote. Enzi zangu na mimi niliisubiri hiyo shule, nikapangiwa ya kutwa. Kaka yangu alichaguliwa. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo yeye anapewa kiti chenye mgongo, mimi nakalia kreti la soda.)

"Baba Magesa," mke wangu aliniuliza juzi, "wewe unamtafutia mtoto shule au unajitafutia kiti?"

Swali lenyewe halikuwa na heshima. Halafu lilikuwa la kweli.

Magesa mwenyewe alitaka wapi? Sikumuuliza. Ana miaka kumi na tatu, nikaona atajua nini huyu.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi kule Bunda. Shule ilisema wazi kabisa: mzazi aje mwenyewe, aje na mtoto, asaini fomu. Asipotokea, nafasi inakwenda kwa mtoto wa akiba. Na majina ya serikali yalikuwa hayajatoka. Mke wangu akafunga mjadala kabla ya chai. "Nenda kasaini. Ya serikali yakitoka tutajua huko mbele."

Nikavaa koti langu la harusini, nikampakia kijana kwenye pikipiki, tukaondoka. (Koti la harusini juu ya pikipiki! Mpaka tunafika Kiabakari nilikuwa na wadudu wa wilaya mbili kifuani.)

Hapo Kiabakari tukasimama kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati pembeni ya barabara. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepuliza kikombe, simu ikalia. Shemeji yangu wa Mwanza, kaka yake mke wangu. Yeye ofisini kwao wana intaneti ya kueleweka. Ametuma skrinshoti moja, kaikata vizuri ubaki mstari mmoja tu, na chini yake kaandika: "Hongera shemeji!!!"

Nikafungua. Namba ya mtahiniwa. Jinsia, ME. Jina, MAGESA MAFURU MAGESA. Shule aliyopangiwa, vipaji maalumu. Tena ile ile aliyosoma kaka yangu.

Nilipiga ukelele yule mama akadondosha chapati kwenye mkaa.

"Mura! Umeng'atwa na nini?"

"Mwanangu amechaguliwa vipaji maalumu!"

"Huyu hapa?" Akamtazama Magesa, aliyekuwa anatafuna.

"Huyu hapa!"

Akapiga vigelegele. Wanaume watatu waliokuwa wanakunywa chai wakaja kunipa mkono. Nikasema kila aliyepo anywe chai kwa jina la Magesa. Nilikuwa na furaha jamani, msiniulize. Miaka yote ile ya kreti la soda ilikuwa inaniondoka mwilini.

Magesa akaichukua simu, akaitazama muda mrefu kidogo. "Baba, hii namba..."

"Namba achana nayo. Soma jina."

"Jina nimesoma. Lakini namba yangu mimi inaishiaga na..."

"Magesa! Watu wanakushangilia, wewe unaleta habari za namba. Kunywa chai."

Hiyo ni mara ya kwanza. Naomba mhesabu.

Nikaingia kwenye grupu la ukoo. Nikatuma voisi. Kisha nikatuma voisi nyingine kueleza ile ya kwanza. Halafu nikaibandika ile skrinshoti kwenye status, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: AKILI ZINARITHIWA. (Nisameheni. Nilikuwa sijamaliza hata chapati.)

Mtu mwenye busara hapo angegeuza pikipiki arudi Musoma kumkumbatia mkewe. Mimi sikugeuza, na kuna sababu. Siku ya usaili, mwalimu wa taaluma wa shule ile, mama mmoja mwenye miwani ambaye wote wanamwita Madam, aliniambia wazazi wengine wakisikia: "Kijana anajiweza, ila hesabu bado zinamsumbua. Je, nyumbani kuna mtu wa kumsaidia hesabu?" Akanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Mwezi mzima lile swali nimelala nalo.

Basi nikaamua kwamba Bunda naenda. Sisaini kitu. Naenda kuwaaga.

"Baba, tunaenda kusaini?" Magesa akauliza wakati napiga kiki.

"Tunaenda kukataa."

"Mama anajua?"

"Mama atajua."

"Baba, ile namba..."

"Vaa kofia tuondoke."

Mara ya pili.

Tulipofika shuleni, bwalo lilikuwa limejaa. Nikapata nafasi benchi la katikati, pembeni ya mzee mmoja mtulivu, umri wangu au kanipita kidogo, shati limepigwa pasi likakunjika tena safarini. Kando yake kijana wake, shati jeupe, vifungo vyote mpaka shingoni. Tukasalimiana. Akaniambia ametoka kisiwani, Rukuba. Jana alivuka kwa boti, akalala kwa ndugu yake Musoma, alfajiri akapanda gari.

"Wangu yuko kwenye akiba," akasema. "Nimekuja kusikilizia tu."

"Ya serikali umeshaangalia? Yametoka leo."

"Kule kwetu simu inashikaga ukisimama kwenye jiwe moja tu. Na jiwe lenyewe lina foleni."

Nikamhurumia. Kwa dhati kabisa nikamhurumia. "Usijisikie vibaya, mzee mwenzangu," nikamwambia. "Si kila mtoto anazaliwa na kichwa. Shule ya kata nayo ni shule."

"Wangu huwaga anajitahidi tu," akasema.

"Kujitahidi nako ni kuzuri." Nikampigapiga begani. (Nilimpigapiga begani! Kwa mkono huu huu ninaoandikia.)

Sasa angalieni kosa langu lilipo. Huku kwetu ukikaa na mtu, hujakaa vizuri umeshamuuliza jina, na la baba yake, na la babu yake, mnaanza kutafuta undugu. Ndiyo salamu yenyewe. Leo nilikuwa na haraka ya kujisifu, nikaruka hiyo hatua. Watoto wetu hawakuiruka. Niliwaona wananong'onezana, mara Magesa akashtuka, akanivuta koti.

"Baba, huyu mwenzangu anaitwa..."

"Shhh. Madam ameingia."

Ya tatu hiyo.

Madam akapanga makaratasi mezani, akaeleza utaratibu: anaita jina la mtoto, mzazi anasogea, anasaini, anakwenda kupewa orodha ya vifaa. Akaanza kuita. Watu wakawa wanakwenda mbele, wanasaini, wanarudi. Mambo ya dakika moja moja.

"Magesa Mafuru Magesa!"

Niliruka. Jirani yangu wa Rukuba naye nikamsikia anainuka nusu, benchi likalia, kisha akaniona nimeshasimama, akakaa tena. Nikadhani ananyoosha mgongo kwa uchovu wa safari.

Nikafika mbele. Madam akanisogezea fomu na kalamu.

"Madam, nina machache," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye maikrofoni. (Mtu akisema ana machache, ondokeni.)

"Mzazi, ni kusaini tu."

"Machache sana."

Akanipa. Bado sijui kwa nini alinipa.

"Ndugu wazazi," nikaanza, "mwezi uliopita, mahali hapa hapa, niliulizwa kama nyumbani kwangu kuna mtu wa kusaidia hesabu. Nilinyamaza. Leo serikali imejibu!" Nikainua simu juu, kana kwamba mtu wa benchi la mwisho angeiona. "Mwanangu amechaguliwa vipaji maalumu! Na mimi mwenyewe, ndugu zangu, ndiye niliyekuwa nakaa na huyu kijana kila jioni." (Uongo. Jioni mimi niko dukani. Anayekaa naye ni mama yake.) "Mtoto ni malezi. Mtoto ni baba kukaa chini na mtoto. Nawashukuru walimu kwa nafasi mliyotupa. Ni nafasi nzuri. Lakini sisi tumepanda daraja. Mpeni mwenye shida nayo!"

Wakapiga makofi. Mama mmoja benchi la mbele akasema "Mungu ni mwema," akanipungia khanga. Nikageuka kumtafuta Magesa nimwone akijivuna. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Nikasema moyoni, tazama mtoto alivyo mnyenyekevu.

Madam hakununa hata kidogo, na hilo liliniudhi. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la mwanangu, taratibu, kwa rula. "Tunamtakia kila la heri, Mzee Mafuru. Nafasi hii sasa inakwenda kwa wa kwanza kwenye akiba."

Akafunua karatasi nyingine. Akavua miwani, akaifuta kwenye gauni, akaivaa tena.

"Magesa Mafuru Magesa."

Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale, maikrofoni mkononi. "Madam," nikasema, "nimeshasema. Msinibembeleze."

Bwalo likacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani tunacheka pamoja.

"Si wewe, mzee. Huyu ni wa Rukuba."

Yule jirani yangu akasimama. "Niko hapa, Madam."

"Jina lako, mzazi?"

"Mafuru Magesa."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikamkumbatia mbele ya wote. "Kumbe ni somo yangu! Si ungeniambia?"

"Hukuniuliza," akasema.

Hapo nilikuwa bado, jamani. Bado kabisa! Mtu mwingine angekuwa ameshaanza kutoka jasho. Mimi nilifurahi tu kwamba nafasi niliyoiacha imekwenda kwa wajina wangu. Mzee wa watu akainama, akasaini kwa uangalifu, herufi moja baada ya nyingine. Alipomaliza, Madam akamuuliza kama ameangalia majina ya serikali, maana yametoka asubuhi, asije akasaini hapa kumbe kijana amepangiwa mahali pengine.

"Kule kwetu bado hatujasikia, Madam."

"Hiyo niachieni mimi!" nikasema kwenye maikrofoni. "Hiyo ndiyo kazi yangu!"

Na kweli ndiyo kazi yangu. Wiki zote hizi dukani nawaangalizia watu. Kwenye kioo cha duka nimebandika tangazo: NJOO NA NAMBA YA MTAHINIWA, MAJINA YANAFANANA. Nimeliandika mwenyewe. Nimeliwekea laminesheni mwenyewe lisiharibike.

"Somo, nisomee namba."

Akatoa mfukoni kikaratasi kilichofungwa kwenye nailoni, kisilowe majini, akakifungua. Akawa anasoma tarakimu moja moja, na mimi nairudia kwenye maikrofoni kama mtangazaji wa mpira, naiandika kwenye simu. Tarakimu za mwisho, sifuri, sifuri, moja, saba. Nikabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nchi nzima ilikuwa inaangalia majina, mtandao umeelemewa.

"Subirini kidogo, inakuja," nikawaambia watu. "Usiogope, somo, lolote litakalokuja tulipokee."

Magesa akaja mbele, akasimama pembeni yangu.

"Baba."

"Ngoja."

"Baba, usihangaike kuitafuta. Hiyo namba iko kwenye status yako."

Maikrofoni ilikuwa wazi.

Sikumbuki nani alianza kucheka, kwa sababu mwanzoni hakuna aliyecheka. Nikafungua status yangu. AKILI ZINARITHIWA. Juu yake jina, na kabla ya jina, namba. Tarakimu za mwisho, sifuri, sifuri, moja, saba. Nikatazama kikaratasi cha mwenzangu. Nikatazama simu. Nikamtazama yule kijana wa shati jeupe, aliyekuwa amefumba mdomo kwa mikono miwili.

"Yangu mimi ni sifuri sifuri thelathini na moja," Magesa akasema polepole. Spika za bwalo zikaisema kwa nguvu.

Nikaiandika. Na huo mtandao uliokuwa umegoma ukafunguka papo hapo! Magesa Mafuru Magesa, shule ya kata, kutwa. Ile iliyo nyuma ya nyumba yetu. Kengele yake ndiyo inayoniamshaga asubuhi.

"Serikali imejibu!" baba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Hapo bwalo likapasuka. Watu walilia machozi. Yule mama wa khanga alikuwa anajipepea nayo, hawezi kupumua. Mwalimu mmoja alitoka nje kabisa. Madam peke yake hakucheka, alikuwa ameuma kalamu, na mabega yanamtikisika.

Kucheka si kitu. Nimechekwa sana maishani, nimezoea. Kilichoniuma ni ile karatasi mezani, jina la mwanangu na mstari mwekundu juu yake, umenyooka kwa rula. Nilielewa kwamba kijana wangu asubuhi alikuwa na shule hii, na sasa hana, na aliyemnyang'anya ni mimi. Niliogopa kumtazama. Kweli nawaambia, nilimwogopa mtoto wa miaka kumi na tatu.

"Madam," nikasema, safari hii bila maikrofoni, "naomba unirudishie."

"Mzee Mafuru, umekataa watu wote wakisikia. Nafasi imeshasainiwa, na kwenye akiba kuna watoto wengine kumi na mmoja." Akamnyooshea kidole mwenzangu. "Mwenye nafasi sasa ni huyu mzazi. Zungumza naye."

Nikamgeukia yule niliyempigapiga begani.

"Somo," nikasema, "nimekosa."

Alikikunja kikaratasi chake, akakirudisha kwenye nailoni, akaifunga. "Wangu amechaguliwa kweli? Si ya kata?"

"Kweli."

"Ile ya wenye vichwa?"

"Ile ile."

"Na wewe umeandika akili zinarithiwa."

"Nimeandika."

"Mimi niliishiaga darasa la nne," akasema, akitafakari.

Bwalo likaanguka tena. Lakini yeye hakuwa anatania, alikuwa anawaza kweli. Akamwambia Madam kwamba kule ni mbali na hamjui mtu, ila hapa Bunda angeweza kuja kumwona mtoto hata kila mwezi. Angebaki na ile nafasi, ni haki yake, kasaini kwa mkono wake. Nani angemlaumu?

Akamgeukia kijana wake. "Wewe unataka wapi?"

"Ya serikali, baba."

"Mbona mbali?"

"Hapa ungeuza mtumbwi."

Mzee akamshika kichwa. Kisha, sijui kwa nini, akamgeukia mwanangu. "Na wewe kijana, wewe unataka wapi?"

"Hapa," Magesa akasema. Hakusita hata. "Siku ya intavyuu nilichungulia maabara. Wana hadubini nne. Madam aliniruhusu nikaangalia tone la maji ya ziwa, kuna vidudu vinatembea ndani yake. Tangu siku ile nawaza hizo tu."

Sikuwahi kumsikia mwanangu akitaja hadubini. Nimeishi naye mwezi mzima ana jambo hilo kichwani, nami nabishana na mama yake juu ya kiti. Ikabidi mgeni kutoka Rukuba amuulize, tena ilimchukua sekunde tano. Niliumia, na nilistahili.

"Madam," yule mzee akasema, "mrudishie huyu kijana. Hotuba si yeye aliyetoa."

Watu wakapiga makofi, makubwa kuliko yangu. Madam akaivuta ile fomu iliyosainiwa, akatafuta pa kurekebisha, kalamu inaelea juu ya karatasi.

"Jina la mwanafunzi, lile lile," akasoma. "Jina la mzazi, lile lile." Akafika mwisho. "Nabadilisha kijiji tu. Na sahihi. Na picha."

Picha! Mimi ninayepiga watu picha za pasipoti kutwa nzima sikubeba hata moja. Magesa akatoa bahasha mfukoni. "Mama alisema nizibebe mimi."

Nikasaini. Hakuna aliyenipa maikrofoni.

Nje nikafungua simu. Grupu la ukoo, jumbe mia na kitu. Baba mdogo alikuwa ameshatuma picha ya mbuzi. Nikaandika kwa kifupi kwamba aliyechaguliwa si wetu, ni wa Mafuru Magesa mwingine, wa Rukuba. Baba mdogo akapiga hapo hapo. "Rukuba kwa nani? Magesa yupi? Hebu mpe simu." Nikampa somo yangu simu. Wakaulizana babu, wakaulizana babu wa babu, dakika kumi nzima, mwisho wakapatana kwamba ni ndugu. Mbuzi ataliwa Jumamosi, na mgeni rasmi ni yule kijana wa shati jeupe. Mimi nimepangiwa kuandaa viti.

Kiabakari tulipita bila kusimama. Yule mama wa chai alinipungia mkono kwa furaha, nikapiga honi tu.

Tulipofika nyumbani nikazima pikipiki, nikamshika mwanangu bega. Nikamwambia leo nimejifunza, kuanzia sasa nitakuwa namsikiliza, tena kila siku. Nikamweleza umuhimu wa mzazi kusikiliza. Nikamtolea na mifano. Kisha nikamuuliza kama na yeye ana lolote la kuniambia.

Akafikiri kidogo.

"Baba, leo usiongee tena."

Ndiyo maana nimewaandikia.